Kikulishacho Ki Ndani Mwako

Mwaka jana nilipandishwa cheo kazini. Si cheo cha kutisha. Nilitoka kuandika programu nikawa msimamizi wa watu wanne wanaoandika programu, mshahara ukapanda kidogo, na nikapewa kiti cha kuzunguka. Nilipiga picha nikiwa nimekikalia, nikaiposti, na chini yake nikaandika: "Hakuna aliyenishika mkono. Nimejitengeneza mwenyewe." Kufikia saa tatu usiku ilikuwa na laiki mia tatu na kitu. Mojawapo ya zile za kwanza ilikuwa ya dadangu.

Hakuandika neno. Alilaiki tu, na hiyo laiki ndiyo iliyoninyima usingizi.

Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa amenipigia simu. Ana kitalu cha miche kando ya Barabara ya Kiambu: maua, miti ya kivuli, miche ya ua, vyungu. Watu wa barabara walikuwa wamepita wakachora X nyekundu kwenye mabati ya kila mtu pale. Alitaka kukodi ploti iliyo ndani kidogo ahame kabla tingatinga halijafika, na kwa hiyo alihitaji mkopo wa sacco, na mkopo wa sacco unahitaji wadhamini. Sisi sote ni wanachama wa sacco hiyo. Yeye ndiye aliyeniingiza. Ukimdhamini mtu, akiba yako inafungwa mpaka amalize kulipa. Mimi nilikuwa nataka kutumia hiyo akiba kuchukua mkopo wa gari. Nikamwambia, "Wacha nitakucheki, siz." Sikumcheki. Nikaposti picha ya kiti.

Basi swali langu ni hili: mtu akisema amejitengeneza mwenyewe, je, anadanganya? Na kama anadanganya, anadaiwa nini na nani? Ningependa kusema nililipata kwenye kitabu cha falsafa. Nililipata kwenye jani.

Jumapili iliyofuata nilienda kitaluni, nusu kwa mapenzi na nusu kwa aibu. Wateja humwita Mama Maua, ingawa hana mtoto. Nilimkuta ameshika mche mmoja kwenye mfuko mweusi, anaugeuzageuza kama mtu anayekagua noti ya elfu.

"Kuja uone hii," akaniambia bila hata salamu. "Mteja amerudisha. Anasema nimemuuzia mti mgonjwa."

Kilikuwa kichaka kidogo chenye majani ya kijani yaliyokolea. Akachuma jani moja akaliinua juani. Lilikuwa na madoadoa meusi kote, kama mtu amelitoboatoboa na ncha ya kalamu.

"Wewe unaonaje?" nikamuuliza.

"Mimi naona hauna shida. Niliutoa kando ya mto ukiwa hivi," akanionyesha kidole, "na madoa ulikuwa nayo. Yote huwa nayo. Yale yasiyo na madoa ndiyo sijawahi kuona yakikua. Lakini mteja anataka pesa zake, na wewe ndiye umesoma. Nisomee."

Wewe ndiye umesoma. Hakulisema kwa ubaya. Nilikaa juu ya ndoo nikatoa simu.

Kichaka chenyewe kinaitwa Psychotria kirkii. Ni cha ukoo mmoja na mbuni, yaani ni binamu ya kahawa yako ya asubuhi. Kinatoa maua meupe madogo na matunda mekundu. Jina la kirkii linatokana na John Kirk, daktari Mskoti na mtaalamu wa mimea aliyesafiri na Livingstone kule Zambezi, kisha akawa balozi wa Uingereza pale Zanzibar. Aina moja ya kichaka hiki imepewa jina la nairobiensis. Kwa hivyo mteja aliyekirudisha alikuwa amerudisha mwenyeji wa hapa akidai ni mgonjwa.

Na madoa? Ni nyumba. Kila doa ni kijumba kilichojaa bakteria. Mwaka wa 1902 Mjerumani Albrecht Zimmermann, ambaye alifanya kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alichapisha maelezo ya bakteria wanaoishi ndani ya majani ya mimea ya ukoo huu. Tangu hapo watu wamekuwa wakijaribu kuelewa wanafanya nini humo.

Jinsi wanavyoingia ndiko kulikonishika. Kwenye ncha kabisa ya tawi, pale ambapo majani mapya yamekunjana hayajafunguka, kuna utelezi. Bakteria hukaa ndani ya huo utelezi. Jani jipya likianza kuumbika, wanaingia kwa vile vitundu ambavyo jani hupumulia, kisha mmea unajifunga nyuma yao, nyumba inajengeka, doa linatokea. Wengine hubaki kwenye ncha wakisubiri jani linalofuata. Mmea ukitoa ua, wanaingia mpaka kwenye mbegu, wanalala karibu na kiini chake. Mbegu ikiota, wako tayari. Hakuna siku hata moja katika maisha ya huo mmea ambayo umewahi kuwa peke yake. Hata kabla hujawa mmea, ulikuwa nao.

Na ukiwaondoa? Wataalamu walijaribu zamani. Kuna kichaka kingine kutoka Asia Mashariki, Ardisia crenata, chenye matunda mekundu kama shanga. Wajapani hukiita manryō na hukiweka nyumbani Mwaka Mpya kwa ajili ya bahati. Nacho kina bakteria, safari hii kwenye kingo za majani. Mapema karne iliyopita Mjerumani mwingine, Hugo Miehe, aligundua kwamba mbegu zikipashwa joto la kuua bakteria bila kuua mbegu, mche unaota vizuri tu. Unatoa majani machache. Kisha ncha inasimama. Majani yanajikunja, vichipukizi vinavimba bila kufunguka, mche unabaki kibeti hadi unakufa. Vivyo hivyo imeripotiwa kwa Psychotria. Dadangu alikuwa amesema hivyo hivyo bila maabara yoyote: yale yasiyo na madoa sijawahi kuona yakikua.

Waswahili walituonya, kikulacho ki nguoni mwako. Nilipomaliza kusoma, nikiwa bado juu ya ile ndoo, nikafikiria upande wa pili ambao hatuusemi sana. Kikulishacho nacho ki ndani mwako, tena ndani kabisa, mahali ambapo jicho linakichukulia kuwa ni doa.

Hapo ningeweza kuifunga insha hii. Mtu ni watu, hakuna aliyejitengeneza, nendeni mkawashukuru dada zenu, asanteni. Ningepata laiki mia tatu zingine. Profesa John Mbiti, mtu wa Kitui, aliliandika wazo hilo vizuri katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka wa 1969, na tangu hapo limegeuka kuwa maandishi ya fulana na ya mabango ya benki. Shida ni kwamba kadiri nilivyousoma huo mmea ndivyo ulivyokataa kunipa funzo rahisi.

Shida ya kwanza ni ya hesabu. Usiku huo nilifungua lahajedwali, kwa sababu mimi ni mtu wa aina hiyo, nikaandika kila kitu ninachokumbuka dadangu alinilipia. Karo ya bweni miaka minne, sare, godoro, nauli, ile kalkuleta niliyoipoteza na nyingine niliyonunuliwa badala yake. Nikapata laki moja na themanini na kitu. Nikampigia simu nikamwambia nitakuwa nikimtumia elfu kumi kila mwezi hadi iishe.

Alicheka hadi akakohoa. "Halafu ikiisha? Tutapeana risiti?"

Nikanyamaza.

"Na hiyo karo," akasema, "wala si mimi niliyeilipa yote. Nusu ilikuwa basari. Wewe unafikiri nilichofanya ni kulipa karo?"

Ndipo akanihadithia ya mjomba. Nilikuwa kidato cha pili, mwaka wa 2009. Mama alikuwa ameshafariki miaka miwili. Mimi nilichokuwa nikijua ni kwamba mjomba alikasirika akaacha kuja kwetu. Kumbe mjomba alikuja akitaka nitolewe shule nikafanye kazi kwenye machimbo yake ya mawe, eti nitasoma jioni. Alikuwa akitulipia nusu ya kodi ya nyumba, kwa hivyo hakuwa anaomba. Dadangu alikuwa na miaka ishirini. Alisimama mlangoni akamwambia hapana, na kuanzia mwezi uliofuata akalipa kodi yote peke yake, kwa mshahara wa kujaza udongo kwenye mifuko ya miche ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa shuleni nikilalamika kuhusu githeri.

Kwenye kusoma kwangu nilikuwa nimekutana na jambo linalofanana na hilo. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba bakteria wa kwenye majani wanaulisha mmea naitrojeni, kama wanavyofanya wale wa kwenye mizizi ya maharagwe. Ilikuwa dhana ya maana, kwa sababu naitrojeni ni kitu kinachohesabika. Lakini mwaka wa 2012, watafiti wa Zürich waliposoma jenomu ya bakteria wa Psychotria kirkii, hawakukuta jeni za kunasa naitrojeni. Walichokuta ni jeni za kutengeneza kemikali za ulinzi. Mojawapo ya kemikali hizo sasa inaitwa kirkamide, na ni sumu kwa wadudu. Kumbe chakula hakikuwa ndicho kipawa chao. Walikuwa wamesimama mlangoni.

Tunahesabu tunachojua kukihesabu. Karo ina risiti. Mjomba aliyezuiwa mlangoni hana risiti, kwa sababu kazi ya ulinzi ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea, na jambo ambalo halikutokea huwezi kulikumbuka. Sikuwahi kuchimba mawe, basi nikaamini kwamba mimi si mtu wa kuchimba mawe.

Shida ya pili ni mbaya zaidi, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Tumelelewa na methali: tenda wema nenda zako. Ni methali nzuri. Inamwachilia aliyetendewa na inamheshimu aliyetenda. Lakini inachukulia kwamba mtenda wema ana pa kwenda. Ana zake. Bakteria wa Psychotria hana zake. Jina lake kamili kwenye vitabu huanza na neno Candidatus, la Kilatini, maana yake mgombea. Hupewa bakteria ambaye hakuna aliyefaulu kumkuza peke yake maabarani. Watafiti walipoisoma jenomu yake waliona jeni nyingi zimevunjika. Zipo, ila hazifanyi kazi tena. Kiumbe kikiishi vizazi na vizazi mahali ambapo kila kitu kinaletwa, jeni ya kujitafutia ikiharibika hakuna kinachoirekebisha, na pole pole anabaki kiumbe anayeweza kazi moja tu: kumkuza mwingine.

Niliposoma hayo nilifunga simu. Nilimfikiria dadangu. KCPE yake alipata alama 389 kwa 500. Mimi nilipata 341. Aliingia kidato cha kwanza mwaka wa 2004, akatoka kidato cha pili mwaka wa 2005, mama alipoanza kushindwa kusimama. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 2008, serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari, na mimi ndiye niliyeingia kidato cha kwanza mwaka huo huo. Mlango uliomfungia ulifunguka mimi nikiwa ndiye ninayepita.

Sasa fikiria jinsi tunavyowasifu watu kama yeye. Siku ya akina mama, mtandao unajaa: ulijinyima ili nile, ulivaa viraka ili nivae viatu. Tunasema tukilia, na machozi ni ya kweli. Lakini sifa kama hizo zina kazi nyingine chini yake. Tunamsifu mtu kwa kudogoka kwake ili asije akaacha kudogoka. Tukiimba kwamba dada mkubwa ni nguzo, nani atathubutu kuiuliza nguzo kama ingependa kwenda kulala? Ukimwita mtu mwamba mara nyingi vya kutosha, unasahau kwamba naye anaumwa na mgongo.

Shida ya tatu ni ile ambayo vijana wengi wa rika langu wanaijua bila kusoma chochote. Ukikubali kwamba wewe ni watu, ni watu gani? Ule mzigo wa jamaa, ambao mtandaoni tunauita kodi ya kuwa mweusi, hauletwi na dada peke yake. Mjomba yule yule wa machimbo alinipigia simu wiki niliyopandishwa cheo. Alisema, "Tumekulea." Tumekulea! Wingi huo una kazi nyingi sana.

Wanafalsafa wa Afrika wamelijadili hili kwa ukali kuliko fulana zinavyoonyesha. Ifeanyi Menkiti, Mnijeria, aliandika mwaka wa 1984 kwamba utu hauzaliwi nao. Jamii ndiyo inayokufanya mtu, hatua kwa hatua. Kwame Gyekye wa Ghana akamjibu kwamba hapo amevuka mpaka: jamii ni muhimu, sawa, lakini mtu anakuja na akili yake na hadhi yake, na anaweza kuihoji jamii hiyo hiyo na hata kuikatalia. Mimi nilikuwa naegemea kwa Gyekye kwa sababu alinipa ruhusa ya kutopokea simu za mjomba. Baadaye nikagundua nimeitumia ruhusa hiyo hiyo kutopokea za dadangu.

Hapo neno lenyewe la kuishi pamoja linasaidia. Anton de Bary, mwanabotania Mjerumani aliyelieneza neno simbiosi mwaka wa 1879, hakusema ni urafiki. Alisema ni viumbe wasiofanana kuishi pamoja, basi. Na ndani yake aliweka hata vimelea. Kuwa ndani ya mtu hakukufanyi uwe unamlisha. Kupe naye yuko karibu sana. Damu, ukoo, wingi wa "tumekulea" havitoshi kuthibitisha deni. Kipimo nilichojipa ni kile cha mbegu iliyopashwa joto: nikimwondoa mtu huyu kwenye hadithi yangu, ncha inasimama? Nikimwondoa mjomba, naendelea kukua, labda haraka zaidi. Nikimwondoa dadangu, nimejikunja kidato cha pili na nyundo mkononi.

Na ni haki niseme na jambo linalonipinga. Mwaka wa 2019 watafiti waliripoti kwamba wamefaulu kukuza jamaa mmoja wa kichaka hiki, Psychotria umbellata, bila bakteria wake kabisa, na mimea ikaishi. Kwa hivyo inawezekana kuwa peke yako. Ila iliishi ndani ya vyombo safi vya maabara, bila mdudu, kwenye chakula kilichotayarishwa. Nikacheka, kwa sababu nawajua watu wa aina hiyo. Nafanya kazi nao. Aliyezaliwa ndani ya kioo anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba hajawahi kuhitaji mtu wa kusimama mlangoni. Ni kweli, mdudu hajawahi kumfikia. Lakini hata kioo kuna mtu aliyekiosha.

Jumamosi moja nikaenda kitaluni kumweleza dadangu haya yote. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza jeni zilizovunjika, mgombea asiyeweza kuishi nje, methali isiyo na pa kwenda. Nilikaribia kulia. Alikuwa anapogoa bogonvilia, hakuacha.

"Kwa hivyo mimi ni kidudu," akasema.

"Si hivyo, siz."

"Ni hivyo. Umenifanya kidudu kwa hadithi yako, tena kidudu kilichovunjika." Akaweka mkasi chini. "Sikia. Huyo bakteria wako hakuulizwa. Mimi niliulizwa. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia nitalipa pole pole, nisitoke. Ningewapeleka wewe na mama kwa mjomba nikabaki shule. Nilifikiria usiku mzima. Halafu nikakataa. Ni mimi nilikataa. Umeniondolea karo ukaiita deni, sasa unataka kuniondolea na hiyo?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kwa sauti ya chini.

"Nina vijana watatu hapa nawalipa kila Ijumaa. Naijua miti mia mbili kwa majani, kwa ganda na kwa harufu. Unaona nimekuwa mdogo?"

Nimelifikiria jibu lake kwa miezi sasa. Amenishinda, lakini si kwa kila kitu. Mtoto wa miaka kumi na sita anayechagua kati ya shule yake na mama yake amechagua, ndiyo, na uchaguzi huo ni wake, wala sina haki ya kumgeuza mhanga ili hadithi yangu ipendeze. Hapo ananishinda moja kwa moja. Lakini kwamba alichagua vizuri hakuwasafishi waliofanya chaguo liwe hilo: nchi iliyolipisha sekondari mpaka mwaka wa 2008, mjomba mwenye machimbo, na mimi niliyefaidika halafu nikasahau. Hiari yake ni heshima yake. Haiwi msamaha wangu.

Na mmea hauwezi kunifundisha hapa, kwa sababu mmea hauna deni. Psychotria haimshukuru bakteria na hakuna anayeilaumu. Kilichopo kwenye jani ni uhusiano tu, bila aliyeahidi wala aliyesaliti. Sisi tuna kitu ambacho jani halina: tunaweza kumgeukia aliye ndani yetu tukamuuliza swali. Ndiyo maana kutouliza kwetu ni kosa, na kwa mmea si kitu. Nilikuwa nimefanya hesabu ya dadangu, nimefanya falsafa ya dadangu, nimemlilia dadangu. Sikuwa nimemuuliza anataka nini, na jambo la kuchekesha ni kwamba alikuwa ameshaniambia. Wiki tatu kabla ya picha ya kiti. Kwa simu. Kwa Kiswahili sanifu.

"Ile fomu ya sacco bado unayo?" nikamuuliza.

"Kwa droo."

Akaitoa. Ilikuwa na sahihi za wadhamini wawili tayari, wanawake wenzake wa chama, na nafasi ya tatu ilikuwa tupu. Nikatoa kalamu. Akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Soma kwanza," akasema. "Ni miezi thelathini na sita. Nikishindwa, wanakata kwako. Si zawadi hii. Usiniwekee sahihi kwa huruma halafu Machi unipigie simu kuhusu gari."

Nikasoma zote mbili, mbele na nyuma. Nikauliza kuhusu riba. Alikuwa amekokotoa kila kitu kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko ule ule ulioandika jina langu kwenye sanduku la shule: mapato ya mvua, mapato ya kiangazi, kodi ya ploti, mishahara. Ilikuwa kazi safi kuliko lahajedwali yangu. Nikaweka sahihi. Gari litasubiri miaka mitatu, na kwa ukweli naogopa kidogo, kwa sababu mkopo ni mkopo na biashara ya maua ikikosa mvua inakauka. Nadhani ni vizuri niogope. Yeye alipomfukuza mjomba lazima aliogopa pia.

Ile posti sikuifuta. Nilifikiria kuifuta, nikaona kufuta ni njia nyingine ya kufanya jambo lisionekane. Niliandika chini yake kwamba si kweli, kwamba kulikuwa na mtu mlangoni mwaka wa 2009, na kwamba nimemwomba ruhusa ya kusema hivyo na amekubali ila bila jina wala picha. Ilipata laiki kumi na nne. Yake haikuwemo. Nilimuuliza kwa nini, akasema bando ilikuwa imeisha.

Yule mteja alirudi siku ile ile nikiwa bado pale. Dadangu akanisukuma mbele: "Mwelezee, wewe ndiye umesoma." Nikamwelezea kuhusu nyumba na utelezi na mbegu. Alisikiliza, akaliinua jani juani, akalitazama kwa muda. Akauliza kama anaweza kupata punguzo hata hivyo, kwa sababu ya madoa.

Dadangu akamwambia bei ni ile ile.